Mikono Minne

Mama alikuwa jikoni, anamenya viazi huku akihesabu mikono kwa masikio. Miwili ya binti yake upande wa sauti nyembamba za piano, miwili ya mwalimu upande wa sauti nzito. Yote minne iko kazini. Akachukua kiazi kingine kwa amani.

Hakuwa mjinga, mama yule. Binti yake wa kwanza alifundishwa gitaa na kijana mmoja wa nywele nyingi, na kabla hajaujua wimbo mmoja mpaka mwisho, alikuwa ameshaondoka naye. Mpaka leo salamu zake huja kwa simu za watu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa huyu wa pili, mwenye miaka ishirini na mmoja na ndiye pekee aliyebaki nyumbani, mama aliapa: huyu haniponyoki. Gitaa marufuku. Piano ruksa, tena ya akina Bach na Schubert, watu waliokufa zamani.

"Marehemu hampigii mtu simu usiku," alisema.

Ubaya wa marehemu ni kwamba hafundishi. Ikabidi atafutwe mwalimu aliye hai. Akaja kijana mwembamba, miwani usoni, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Shikamoo yake aliinama nayo mpaka ungedhani ameangusha kitu sakafuni. Siku hiyohiyo akaomba mlango wa sebule uwe unafungwa, maana kelele za masufuria zinaua muziki.

"Mlango ufungwe, mwanangu, sina neno," mama akamjibu. "Ila mtapiga vile vipande vya watu wawili kwenye piano moja. Nataka niisikie mikono yote minne. Mkono nisiousikia, nitakuja kuutafuta mwenyewe."

"Hamna shida, mama. Schubert aliandika vingi vya namna hiyo."

"Mungu amlaze pema."

Binti alipoeleza kwamba kuna mahali mikono ya wapigaji hupishana, mama akaagiza hapo parukwe. Wazazi wengine hufuga mbwa. Yeye alimweka Schubert.

Jumanne wifi yake, shangazi wa binti, alikuja kumtembelea. Akaketi jikoni, akatega sikio, akaguna.

"Wifi, una hakika wamo humo ndani?"

"Kwani huwasikii?"

"Nasikia piano. Simu za siku hizi zinarekodi kila kitu. Na lile spika alilokuja nalo mwalimu ni la nini?"

"La kuwasikilizia mabingwa." Mama alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Wifi yangu nawe! Kinachorekodiwa ni cha mabingwa, na bingwa hakosei. Hebu wasikilize hawa wangu."

Sebuleni piano ikakwama. Kidole kiliangukia pasipo pake, halafu mwalimu akasema, "Tena. Tuanze pale juu."

Mama akainua kiazi kama wakili aliyeshika ushahidi. "Umesikia? Haya, na hiyo rekodi yako ukiiita, inaitika?" Akapaza sauti: "Chai inapoa huko!"

"Tunamalizia, mama!" binti akaitikia.

Shangazi akapiga chafya iliyotikisa vifuniko vya masufuria. Ndiyo hoja pekee aliyobaki nayo. Kesho yake asubuhi akarudi kwake, na mama akamsindikiza kwa ushauri wa bure juu ya kulea.

Alhamisi mwalimu alifika mapema, shikamoo yake ikiinama zaidi ya kawaida. Binti akapita na mkoba wa nota, umevimba kama shavu la mwenye jino bovu.

"Hizo zote nota?"

"Zote, mama. Si tamasha ni Jumamosi?"

"Hao marehemu nao waliandika!"

Mara binti akamkumbatia, akamng'ang'ania shingoni. Mama akamsukuma kidogo, maana ana unga mikononi.

"Kuna nini? Unakwenda vitani?"

"Naogopa tu tamasha. Mama, leo joto, nifungue lile dirisha kubwa?"

"Fungua, mwanangu. Upepo hauna mikono."

Mlango ukafungwa. Muda si mrefu piano ikaanza. Mama akahesabu: miwili juu, miwili chini. Safi. Akajiona Jumamosi amekaa mstari wa mbele, gauni la kijani, mtaa mzima nyuma yake ukijua nani mama na nani mlezi wa kubahatisha.

Piano ikakwama.

"Tena. Tuanze pale juu."

Mama akasonya. Tangu Jumanne mahali palepale! Kichwa kigumu ni cha ukoo wa baba yake, si chake. Lakini leo moyo wake ulikuwa laini kwa sababu ya lile kumbatio. Akaona si vizuri kuwapigia kelele kama siku zote. Atawapelekea chai mwenyewe, kwa vikombe vya wageni. Mzazi naye akiaminiwa, aoneshe kuamini.

Akaandaa sinia. Kipande cha mwisho cha mkate akakitia kinywani, akaenda kwa kunyata mpaka mlangoni. Hapo akagundua mikono yake yote miwili imeshika sinia, hana wa kubishia hodi. Akasimama, akitafuna harakaharaka ili apate kuita.

Kabla hajameza, sauti ya mwanamke ikaita kutoka ndani ya sebule, kali, yenye majivuno. Aliijua. Alikuwa nayo tangu azaliwe.

"Chai inapoa huko!"

"Tunamalizia, mama!" binti akaitikia.

Kisha ikafuata chafya ya shangazi.