Taulo la Fundi Bomba

Fundi bomba alimaliza kutoa tope la mafuriko kwenye birika la ubatizo kanisani, akalijaza maji na kungoja aone kama linavuja. Halikuvuja.

"Twende basi," mke wake alisema. "Nyumbani nako tope linatusubiri."

Hakuinuka. Kila Pasaka, alipoulizwa atabatizwa lini, alimwambia mchungaji, "Mwakani." Jirani yake naye alikuwa akisema hivyo hivyo. Walimzika juzi, maji yalipopungua.

Akavua buti moja, kisha la pili.

"Mama watoto, niitie mchungaji."

"Leo? Na harufu hiyo?"

"Leo. Ila sina taulo."

Mke wake akafungua mkoba anaokuja nao kila Jumapili. Chini ya Biblia palikuwa na taulo la kiume, limepauka kwenye mikunjo.