Ubao wa Futi Kumi na Mbili

Fundi Shekue aliulaza ubao wa futi kumi na mbili juu ya kigoda uani, akauzungusha taratibu. Ukigeuka bila kugusa kitu, basi karakana itatosha hapo. Ndivyo mafundi wa huko wanavyopima. Mguu wake mbovu haukuweza tena kumfikisha kazini sokoni, akaamua kufanyia kazi nyumbani.

Ncha ikagonga ukuta wa jiko.

"Jiko litavunjwa," akasema.

"Jiko alilolikandika mama yangu?" Mkewe, Zuhena, akatoka na mwiko mkononi. "Punguza karakana. Tengeneza vigoda."

"Vigoda! Mimi, fundi wa milango?"

"Basi nivunje mimi kwanza."

Akautupa mwiko, akaishika ile ncha. Wakasimama hivyo, ubao ukitetemeka kati yao, na jikoni uji ukaanza kufurika.