Mlango wa Bi Mashavu

Tetemeko liliangusha kuta zote za nyumba ya Bi Mashavu, likauacha mlango umesimama peke yake. Makame na wenzake, waliokuwa wakichangisha vifaa vya kuijenga upya zahanati ya mji, walimwona ameketi juu ya kinu katikati ya vifusi. Wakainamisha macho wampite.

"Mnanipita?" akafoka. "Nimekufa mimi?"

"Tumeona haya, Bibi," alisema Makame. "Wewe ndiye wa kuchangiwa."

"Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Njooni!"

Makame akaanza kuruka vifusi.

"Ah! Kwangu watu hupita mlangoni!"

Akarudi nyuma, akagonga. "Hodi!"

"Karibuni. Haya, ung'oeni huo mlango. Wajawazito wa mji huu watajifungulia hadharani?"

Wakaung'oa, wakaubeba watu wanne. Walipofika njia panda Makame akakumbuka kwamba hawakushukuru. Akarudi mbio, na pale palipokuwa na mlango akasimama ghafla. Nyumba yote ilikuwa wazi mbele yake, na Bi Mashavu alikuwa akimtazama.

Makame hakuvuka.

"Hodi, Bibi," akaita.