Beseni la Kanga

Enzi wanyama walipokuwa wakienda shule, Kanga, yule ndege wa madoadoa, aliongoza kila mtihani. Kondoo, ambaye kuiga ndiyo kazi yake, alimchungulia dirishani akamkuta anasoma huku miguu imo ndani ya beseni la maji baridi. Kila akimaliza ukurasa, Kanga alifunga daftari, akajisimulia alichosoma, kisha akalifungua kuona amesahau nini.

Kondoo aliona beseni tu.

Aliwasimulia wenzake, na kesho yake darasa zima lilikuja na mabeseni. Punda alileta karai, na Nguruwe akaingia mzima ndani ya pipa. Mtihani ulipofika wote walifeli, na madaftari yao yamelowa chapachapa.

"Dada Kanga, kuna kitu umetuficha," Kondoo alilalamika.

"Mimi miguu hunivimba," Kanga alijibu. "Beseni ni la miguu. Kwa kichwa nategemea kulifunga daftari na kujisimulia."

Nyuma ya darasa Kiboko alikohoa. "Jamani, mimi naishi mtoni tangu nizaliwe, na darasa la pili narudia mara ya sita."

Kondoo alimtazama kwa huruma. "Pole, kaka. Kwani hayo maji ya kwenu yana baridi ya kutosha?"