Jina Kutoka Ziwa Toba

“Toa hiyo shuka, Derrick. Unatokwa na jasho kama mtu aliyeiba.”

“Si shuka, anko. Inaitwa ulos. Huvaliwa na watu wa heshima.”

Walikuwa wamesimama mlangoni kwa Ronald Simarmata, mtaa wa Moseley, Uingereza, na jua la Julai lilikuwa kali ajabu. Derrick alikuwa amekuja kumposa Audrey, binti pekee wa mzee huyo. Kwa kuwa baba yake yuko Bungoma, alimleta anko Bethuel awe msemaji. Bethuel alikuwa ametoka shifti ya usiku hospitalini na alitaka mambo yaishe haraka akalale.

Kwa miaka miwili Ronald hakumpenda Derrick hata kidogo. Mzee alikuwa Mbatak wa kisiwa cha Samosir, Indonesia, mtu wa kanisa na wa maneno machache. Kwake Derrick, dereva wa basi, alikuwa “yule wa basi” tu. Lakini Derrick alipomwambia waziwazi kwamba anataka kumwoa Audrey, mzee alimaliza chai yake yote, kisha uso ukachangamka.

“Nenda kwanza upaone kwetu,” alisema. “Chukua likizo, uende Ziwa Toba. Ila Audrey usimwambie. Mwache ashangae.”

Akamweleza mahali pote pa kwenda. Mwisho akamshika mkono.

“Hayo mengine ni mawe na maji. Kwa kaka yangu ndiko usikose.”

Derrick alimdanganya Audrey kwamba anaenda Bungoma kumwona mama, akapanda ndege. Aliona maporomoko ya Sipiso-piso, maji yakiruka kutoka juu ya jabali kama yamefukuzwa. Alivuka ziwa kwa kivuko mpaka Samosir, akaziona nyumba za mbao zenye mapaa yaliyochongoka mbele na nyuma kama pembe za fahali. Pale Tomok alicheza ngoma na mwanasesere wa mbao mkubwa kama mtu, anayevutwa kwa kamba. Watu walisema yule wa mbao alikuwa na mwendo mzuri zaidi. Pale Ambarita alikaa kwenye kiti cha mawe, akapigwa picha akicheka, ndipo akaambiwa kwamba hapo zamani watu walihukumiwa kukatwa vichwa. Aliinuka upesi.

Kisha akaenda kwa kaka yake Ronald. Nguruwe alichinjwa. Majirani wakajaa uani. Kaka huyo mzee alimlisha samaki wa ziwani kwa mkono wake mwenyewe, akamtandazia ulos mabegani, akampa jina la ukoo mbele ya watu wote. Mzee alilia. Derrick naye alilia, nusu kwa furaha, nusu kwa pilipili ya yule samaki.

Sasa mlango wa Moseley ukafunguliwa.

“Horas!” Ronald alipaza sauti, salamu ya kwao, akamkumbatia Derrick kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Bethuel alishangaa. Alikuwa ameambiwa ajiandae kwa vita.

Walipoketi, Bethuel alikohoa kidogo. “Mzee Ronald, sisi tulikuwa tunapita, tukaona katika boma lako kuna ua—”

“Ngoja Audrey aje,” Ronald alisema kwa upole.

Audrey akatoka jikoni na sinia ya chai. Alipoiona ile ulos, akasimama.

“Derrick, hiyo umeitoa wapi?”

“Ziwa Toba! Bungoma ilikuwa uongo, mpenzi. Nilienda kwenu. Baba yako mkubwa amenipa jina la ukoo.”

“Jina gani?”

“Lenu! Mbele yako sasa ni Derrick Simarmata.”

Audrey aliweka sinia mezani, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka. Derrick akamkonyezea anko wake, kama kumwambia: umeona?

Bethuel naye alifurahi. “Kumbe hata jina mshampa! Basi mimi kazi yangu imekwisha.”

“Nina swali moja tu, Bwana Bethuel,” Ronald alisema. “Huko kwenu Bungoma, kijana anaweza kuoa msichana wa ukoo wake?”

“Wapi!” Bethuel alijipiga paja. Hapo alikuwa na uhakika, na usingizi wote ulimtoka. “Mzee, huo ni mwiko mkubwa! Hata kama hawajawahi kuonana, hata kama mmoja amezaliwa huku Uingereza. Kwetu huyo ni dada yako, na habari imeishia hapo.”

“Hata kwetu,” Ronald alisema, akampigapiga Derrick begani. “Audrey, mmiminie kaka yako chai.”