Mshono wa Mnyororo

Gunia liliagizwa liwe na urefu wa mtu mzima, na mshonaji hakuhitaji kupima. Mtu huyo alikuwa mdogo wake. Mshonaji alikuwa amemshonea magauni tangu binti huyo ana miaka mitano.

Askari walimleta asubuhi, wakimburuta kwa nywele mpaka katikati ya karakana. Taya lilikuwa limevimba upande mmoja, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimevunjwa. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu ya mdomo usiojua kupumzika. Sasa mdomo huo ulikuwa umejaa damu.

"Dada," alisema, "gunia lenyewe zuri. Ungenishonea hivi siku ya harusi, ningeolewa mara mbili."

Askari mmoja, mnene mwenye pengo, alicheka. Mwenzake akampiga Chiriku rungu la tumbo, na kicheko kikakatika.

"Tuliwakuta kwenye ghala la chumvi," yule mwenye pengo alimweleza mshonaji, kama mtu anayepiga soga sokoni. "Kumi na mmoja, wanaimba kwa kunong'ona. Wengine hawakufika hata mlangoni. Tumebaki na huyu."

Mkuu wao aliingia mwisho, akikung'uta matope ya viatu kabla ya kuvuka kizingiti. Alikuwa mzee wa sauti ya chini, koti lake jeusi limepigwa pasi. Mkononi alishika karatasi waliyoichomoa kwenye upindo wa gauni la Chiriku: ukurasa mmoja wa Injili, umekunjwa mpaka umechanika.

"Mwanangu," alisema, "nakuomba neno moja tu. Sema kwamba ule ubatizo wa pili, wa mtoni, haukuwa kitu. Uliingia majini, ukalowa, ukatoka. Ukisema hivyo, leo utalala kwa dada yako."

"Shikamoo, Mkuu," Chiriku alijibu. "Maji yalishanilowesha. Nitayakanaje?"

Akaanza kusema aya kwa moyo, lakini katikati taya lilimshinda. Mkuu aliimalizia, neno kwa neno, taratibu, kama mwalimu anayemsaidia mwanafunzi aliyekwama. Kisha akamwashiria askari. Kidole cha tatu kilivunjika kwa mlio wa kijiti kikavu.

"Chiriku, sema tu!" mshonaji alilia. "Mungu anaujua moyo wako!"

"Anaujua, dada. Ndiyo maana naogopa kumdanganya."

Mkuu alikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. "Haya. Alitaka maji, apewe maji."

Wakamfunga mikono kwa mbele, wakamtia guniani pamoja na jiwe la kusagia. Mshonaji akapewa sindano.

Mdomo wa gunia hufungwa kwa mshono mmoja kati ya miwili. Upo ule wa mafundo, usiofunguka bila kisu. Na upo wa mnyororo, pete ndani ya pete. Kwa macho ni imara vilevile, lakini ukiijua ncha yake ukaivuta, pete zote hukimbia kwa pumzi moja. Mshonaji alikuwa amefungua maelfu ya magunia kwa namna hiyo. Alishona mnyororo. Ile ncha aliipenyeza ndani, akapapasa mpaka akakipata kidole cha mdogo wake.

"Gumba la kulia," alinong'ona. "Ukifika chini, vuta. Matete yako upande wa kushoto."

"Unanuka kitunguu, dada," gunia lilimjibu.

Mkuu aliinama. Alipitisha ncha ya kidole juu ya mshono, polepole, toka mwanzo hadi mwisho.

"Mama yenu naye alishona hivihivi," alisema. "Mkono wake naukumbuka." Hakupandisha sauti. "Gunia hili litafungwa kamba, nami nitalivuta juu mbele ya watu wote. Likirudi tupu, aliyelishona ataingia kwenye linalofuata. Tumesikilizana?"

Hakuwa anamtazama mshonaji. Alikuwa analitazama gunia.

Mto ulipita nyuma ya karakana. Askari walilibeba gunia hadi ukingoni, wakalipembeza mara mbili, wakalirusha. Kamba ilikimbia, ikakaza.

Mshonaji aliyakazia macho matete, akahesabu. Kumi. Thelathini. Utotoni Chiriku alikuwa akizamia hadi sitini, kisha anaibuka na kokoto mkononi, anawacheka waliokwisha kuanza kulia. Mapovu yalipanda. Kamba ilitikisika kwa nguvu, ikatikisika tena. Themanini. Mapovu yakapungua. Mia moja na ishirini. Hakuna tete lililotikisika.

Alipofika mia mbili, aliacha kuhesabu.

Walipolivuta, gunia lilikuja zito. Askari mwenye pengo alichomoa kisu akaukata mshono, maana hakuna pete hata moja iliyokuwa imeachia. Ndani, Chiriku alikuwa amejikunja juu ya jiwe. Uzi ulikuwa umezungushwa kwenye gumba lake la kulia mara tatu, na gumba hilo amelifumbata ndani ya ngumi kwa nguvu zote, kama mtu anayeuzuia mkono wake mwenyewe.

Mshonaji alimwangukia, akapiga ukelele uliowafanya watu wa ng'ambo wasimame. Askari walimwacha. Hata yule mwenye pengo alikuwa ameangalia pembeni.

Mkuu alichuchumaa upande wa pili wa maiti. Kwa kidole chake alimfuta maji kwenye paji la uso, kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Nilimbatiza mimi mwenyewe," alisema, "akiwa na siku nane. Maji yalikuwa baridi kama haya, wala hakulia."