Masikio ya Kulungu Mweupe

Kila mwizi aliposimama kutubu, Ravna alishika mpini wa kisu chake.

Na wezi walisimama wengi. Tangu uamsho uingie kijijini, watu waliokuwa wakilewa hadi kulala kwenye theluji sasa walikuwa wakilia mbele ya wenzao wote, shingo wameziinamisha, wakitaja kulungu wa kufugwa waliowaiba, idadi na rangi zao. Aliyeibiwa hutoka alipoketi, humkumbatia mwizi shingoni na kumtamkia msamaha kwa jina na damu ya Yesu. Kisha wote wawili huruka kwa furaha, wakati mwingine mpaka benchi likavunjika.

Ravna hakuruka. Alikaa benchi la nyuma, uso mkavu. Mwizi akishataja wanyama wa mtu mwingine, yeye hushusha pumzi na kuachia kisu.

Kesi yake kila mtu aliijua. Miaka kumi nyuma, majira ya vuli, mtu alimwiba kulungu jike wake mweupe aliyeongoza kundi. Kundi likakosa kiongozi, likatawanyika milimani. Piera, mumewe, akaenda kulitafuta, dhoruba ikamkuta huko huko, na maiti yake ikaonekana theluji ilipoyeyuka. Kaburini Ravna hakulia. Alitema mate chini, akaapa kwamba aliyemwiba jike yule atalipa, na hatalipa kwa kulungu. Dawa ya moto ni moto, alisema, na hakuna aliyethubutu kumshauri.

Jumapili hiyo alikunywa kahawa nje ya nyumba ya ibada pamoja na jirani yake Biret, mjane mwenzake.

"Kisu tena, shoga? Leo Jumapili!"

"Nani hapa hana kisu?"

"Wote tunavyo. Ila vya wenzio vinakata jibini."

Ravna akatabasamu. Biret peke yake ndiye aliyeweza kumtania. Mume wa Biret, Heika, alizama ziwani mwaka mmoja baada ya kifo cha Piera. Watu walisema upepo ulikuwa umehamisha yale matawi ambayo wanaume huyachomeka juu ya barafu kuonyesha njia imara, na sleji yake iliyokokotwa na kulungu ikapita penye barafu nyembamba. Tangu hapo wajane hao wawili walikula chungu kimoja. Majira yale yote ya baridi, Ravna ndiye aliyempasulia Biret kuni, bila kuombwa.

"Siku zile ulikuwa mkali wewe!" Biret akacheka. "Hata Heika wangu ulimshuku."

"Zilikuwa siku mbaya."

"Na mwizi wako akisimama, utamsamehe?"

"Sijui kusamehe, Biret. Sikufundishwa."

"Basi mwenzio angempata wa kumsamehe angeshukuru. Mimi upepo nitausamehe vipi?"

Ravna akaimalizia kahawa yake kwa haraka, ikamuunguza ulimi.

Ndani, mhubiri hakufika hata katikati ya mahubiri. Mzee Juhan alisimama, huyo huyo aliyeiona maiti ya Piera na kuirudisha nyumbani kwa sleji yake. Alitoa kimfuko cha ngozi kifuani, akakikung'uta juu ya meza. Yakaanguka masikio mawili makavu, manyoya meupe bado yameshika. La kulia lilikuwa na mikato mitatu, la kushoto mmoja, maana kila ukoo huyakata masikio ya kulungu wake kwa alama yake. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni alama ya ukoo gani.

"Mwizi mwerevu huyachoma masikio kwanza," Juhan alisema. "Mimi nilishindwa. Nimelala nayo miaka kumi. Ravna, mwanangu, ni mimi."

"Siku za mwizi arobaini," mtu alinong'ona, "huyu za kwake zilikuwa ndefu."

Hakuna aliyecheka, maana Ravna alikuwa amekwisha simama, na kisu kilikuwa nje ya ala. Watu walibanana ukutani kumpisha. Mhubiri alifunga kitabu chake. Juhan akapiga magoti na kuivuta kola yake chini, shingo ikabaki wazi.

"Ulikuwa na nani?" Ravna aliuliza.

"Peke yangu."

"Usinidanganye, mzee. Nani alikushikia kamba?"

"Peke yangu, mbele ya Mungu. Watoto walikuwa na njaa."

"Na Heika?"

"Heika?" Juhan aliinua macho, akashangaa. "Heika wiki ile yote alikuwa sokoni kwenye bandari. Maskini ya Mungu, hata hakujua."

Ravna alisimama juu yake, kisu mkononi. Chumba kizima kilisubiri, ama damu ama msamaha. Mwanamke mmoja alifunika macho ya mwanawe.

Kisha Ravna akageuka. Alirudi taratibu hadi benchi la nyuma, akapiga magoti mbele ya Biret, akamwekea kisu mapajani, mpini kwake. Akavua kilemba chake chekundu na kuinamisha shingo, kama walivyofanya wezi wote.

"Biret," akasema, "haukuwa upepo."